Darubini ya Kumwonyesha Mzee Joash

Mimi sikusema uongo. Nianzie hapo, maana watu wa Riruta wakisikia jina la Zedekiah Were wanacheka kwanza ndipo wanauliza habari. Niliona nyota imevaa pete. Niliiona kwa jicho langu hili la kulia, mwaka wa 1953, kwenye kambi ya Serveya huko nyuma ya Kajiado. Mtu akitaka kubishana nami juu ya hilo, aje akiwa ameshiba, maana nitamchosha.

Kazi yangu ilikuwa kubeba darubini ya kupimia ardhi. Serveya anapima, mimi nabeba, nasimamisha miguu yake mitatu, naangalia isitikisike. Usiku mwingine alipima nyota ili ajue kaskazini iko wapi hasa. Basi siku moja alipomaliza aligeuza darubini upande mwingine, akachungulia, akacheka peke yake, akaniita. "Were, njoo uone." Nikainama. Lo! Kitu kidogo kama punje ya mtama, cha manjano, na pete imekizunguka pande zote bila kukigusa. Niliangalia labda nusu dakika. Akaniambia basi, kalale. Kulala! Toka usiku ule mimi na usingizi tukaachana. Baadaye mwalimu mmoja wa Pumwani aliniambia nyota hiyo inaitwa Zohali. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa jina la msichana aliyepita barabarani.

Kosa langu ni kwamba niliisema kanisani.

Kanisa letu la Riruta lilikuwa la watu wa upande wa magharibi wa nchi, sisi tuliokuja Nairobi kutafuta kazi, na kila Jumapili kulikuwa na nafasi ya ushuhuda. Mtu anasimama, anasema Mungu amemtendea nini. Mmoja alipona homa, mwingine alipata kazi ya bustani. Nikasimama mimi. Nikasema Mungu ni mkubwa, ameumba hata nyota yenye pete, nami nimeiona. Nilidhani watu watasema amina. Walicheka! Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Imevaa pete, imeolewa na nani?" Kanisa zima likapasuka.

Mzee wa kanisa hakucheka. Huyu alikuwa Mzee Joash, mpishi wa Mzungu mmoja kule Muthangari, mtu mrefu, mkavu, ambaye hata akisema habari za chumvi unahisi umekosea jambo. Yeye na wazee wenzake wakakaa kikao. Wakasema kupiga chuku sokoni ni jambo moja, lakini kupiga chuku wakati wa ushuhuda, mbele ya Mungu, ni uongo kamili. Nitubu, au nitengwe. Nikawaambia sitatubu kitu nilichokiona. Nikatengwa. Hakuna meza ya Bwana, hakuna kuomba kwa sauti, na hakuna ndoa kanisani.

Hapo kwenye ndoa ndipo paliponiuma, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukubaliana na Nakhumicha, na Nakhumicha alikuwa binti ya Mzee Joash huyo huyo.

Alikuwa yaya Kilimani, akilea watoto wawili wa Kizungu waliokuwa wakimpenda kuliko mama yao. Alikuwa na maneno machache. Ukimwambia jambo anakutazama mpaka unaanza kulifikiria upya. Nilipotengwa alikuja kuniuliza swali moja tu. "Uliiona?" Nikasema niliiona. "Basi," akasema, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena. Akanisubiri. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mara tatu wazee waliniita nitubu, mara tatu nikawajibu vibaya, naye akaendelea kusubiri.

Mwezi wa nane wa 1956 Mzee Joash akaniita jikoni kwake. Alikuwa akimenya viazi, wala hakuniambia kaa.

"Kuna mwalimu wa Butere ameleta wazee," akasema. "Anamtaka Nakhumicha. Ni kijana mzuri, ana ushirika kanisani."

"Na mimi?"

"Wewe una nyota."

Damu ikanichemka. Nikasema, "Mzee, nikikuonyesha hiyo nyota?"

Kisu kikasimama. "Utanionyeshaje?"

"Nitanunua darubini. Nitaileta hapa, mlangoni pako, uone kwa macho yako mwenyewe. Nipe mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa."

Akarudi kwenye viazi. "Haya. Jumamosi hiyo. Nikiona, wewe ni mkwe wangu. Nisipoona, mwalimu anapata jibu lake."

Nilitoka pale nikiwa nimejaa ujasiri mpaka nilipofika langoni. Hapo nikakumbuka kwamba sijawahi kununua darubini, sijui zinauzwa wapi, wala ipi inaweza kuonyesha ile pete. Za kazini zilikuwa za serikali, zimefungiwa stoo na kufuli, na hakuna mbeba miguu anayetoka nazo. Nyota yenyewe haikuwa ikinisubiri pia. Ilikuwa inaonekana magharibi jioni, na kila wiki ilizidi kuteremka. Ikifika Novemba ingeshazama na jua. Sikuweza kukaa, sikuweza kula. Mwololo, Mkamba fundi wa baiskeli niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja Riruta, alisema nikilala nilikuwa napiga mateke ukuta.

Duka la kwanza lilikuwa Delamere Avenue. Pale dirishani palikuwa na darubini nyeupe, ndefu kuliko mimi, inang'aa. Nilipoingia yule karani akaniuliza, "Umetumwa na nani?"

"Nimejituma."

"Barua ya bwana wako iko wapi?"

"Bwana wangu ndiye mimi, na nataka kuangalia miguu ya hiyo darubini."

Alishangaa hata akasahau kunifukuza. Nikaigusa kidogo kwa kidole. Ikatetemeka kama jani, na miguu yake ilikuwa myembamba kama ya kifaranga. Kitu kinakuza mara mia na kinatetemeka mara mia, utaona nini? Utaona kutetemeka. Bei yake ilikuwa mshahara wangu wa mwaka. Nikatoka kabla sijasema neno la kunipeleka korokoroni.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa tukaenda na Mwololo mtaa wa Bazaar. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza vitu kuukuu: cherehani, saa, gramafoni, meno ya bandia hata. Miwani yake ilikuwa juu ya paji la uso na aliitafuta muda wote tuliokuwa pale. Alituletea darubini ya shaba ya nahodha, ile inayovutwa ikawa ndefu na kusukumwa ikawa fupi. Mwololo akaipenda mara moja. Alivuta, akasukuma, akavuta.

"Hii ndiyo," akasema. "Unaitia mfukoni, unaenda zako. Na angalia shaba! Mzee Joash akiona shaba hii atakupa na ng'ombe juu yake."

"Mimi naoa au nauza shaba?" nikamwuliza. Nikaipeleka mlangoni, nikaielekeza kwenye saa ya msikiti. Picha ilikuwa nzuri, lakini mikono yangu iliichezesha, na kioo cha mbele hakikuzidi upana wa senti kumi. Mwanga wa nyota ni kidogo. Ukiupokea kwa kikombe kidogo utapata kidogo. Hayo niliyajua kwa kazi, si kwa kusoma. Nikairudisha.

Mwololo akakasirika kweli. "Wewe unachagua kama mtu mwenye pesa!"

Ndipo nikaona kitu nyuma ya cherehani. Bomba nene, fupi, rangi nyeusi imebanduka, na kando yake miguu mitatu ya mti imekunjwa, minene, yenye ncha za chuma. Kioo cha mbele kilikuwa upana wa kiganja cha mtoto. Nikamwuliza yule mzee, na hiyo je?

Akatikisa mkono. "Hiyo acha. Imeharibika. Nimeiuza mara tatu, mara tatu wameirudisha. Inapindua watu."

"Inapindua vipi?"

"Unaona mtu, kichwa chini, miguu juu. Gari linapita juu chini. Nimempa fundi, ameshindwa."

Nilicheka mpaka Mwololo akanishika bega. Kwani zile za Serveya si zote zinapindua! Miaka minane nimechungulia dunia iliyosimama kwa kichwa, nasoma ubao wa vipimo uliogeuka, hata sijui tena kama umegeuka. Kuisimamisha picha kunataka vioo zaidi ndani, na kila kioo kinakula mwanga, ndiyo sababu za kazi hawaongezi. Nikafungua miguu, nikaisimamisha mlangoni, nikaelekeza kwenye ile saa. Saa tano na dakika ishirini. Niliisoma hivyo hivyo kichwa chini bila kufikiri. Nikaligonga bomba kwa kidole na kuhesabu. Kabla sijafika mbili, picha ilikuwa imetulia tuli.

"Nyota haina kichwa wala miguu," nikamwambia Mwololo. "Acha ipindue."

Nikainunua. Ilinigharimu mshahara wa mwezi na nusu, na yule mzee wa duka alinionea huruma, akanipa kitambaa cha kuifutia.

Kuifikisha Riruta ilikuwa kazi nyingine. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, watu wanasimamishwa kila mahali, na bomba jeusi juu ya baiskeli ni bunduki mpaka uonyeshe si bunduki, na pengine hutapewa muda wa kuonyesha. Hapo nikashukuru ufupi wake. Bomba tulilitia ndani ya kikapu, tukafunika na mboga za sukuma. Miguu tukaifunga kwenye baiskeli pamoja na mipini miwili ya jembe. Askari wa barabara ya Ngong akatazama kipande changu cha kitambulisho, akatazama mipini, akachukua sukuma kidogo za kwake, akatupungia mkono twende. Mwololo alinyamaza mpaka Dagoretti. Kisha akasema, "Ile ya shaba ingetuua," na hakuitaja tena.

Wiki zile za kungoja sitaki hata kuzikumbuka. Mawingu! Kila jioni jua likizama natoka nje na miguu yangu mitatu, nasimama nyuma ya choo ambako hakuna taa, na mbingu imefunikwa blanketi. Saa ya kafyu inakaribia, naingia ndani, nalala na viatu. Nikafikiri labda nimenunua takataka kweli. Nikafikiri habari za mwalimu wa Butere, nikamvika suti nzuri, nikamchukia. Jumatano ya mwisho, saa moja na robo, wingu likapasuka upande wa magharibi kama dakika nne hivi. Nikaitafuta, nikaipata. Ilikuwa pale. Pete yake ilikuwa wazi, imeinama kidogo, nzuri kuliko nilivyokuwa nikiikumbuka. Nililia, sioni haya kusema. Nikamwita Mwololo aje mbio.

"Naona kofia," akasema. "Kofia ya padri, ile yenye ukingo."

"Ni pete!"

"Haya, pete. Usinipigie kelele."

Jumamosi nilifika Muthangari mapema mno, saa kumi na moja na nusu, kwa sababu sikuweza kukaa. Ningefika gizani nadhani mambo yangekwenda vingine. Nakhumicha alikuwa amepewa siku ya mapumziko, alikuwa akianua nguo za baba yake kwenye kamba nyuma ya nyumba za watumishi. Mzee Joash akatoka na koti lake la kanisa. Nikasimamisha darubini uani. Alizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Kabla ya vitu vya mbinguni," akasema, "nionyeshe kitu ninachokijua. Nitajuaje kama hii inasema kweli?"

Lilikuwa ombi la haki, nami mjinga, akili yangu iko kwenye kutulia kwa miguu tu, nikageuza bomba kwenye kamba ya nguo mwishoni mwa ua. "Angalia, Mzee. Utamwona binti yako kama yuko hapa mbele yako."

Akainama. Akakaa hivyo. Akainuka polepole, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umemsimamisha binti yangu kichwa chini."

"Mzee, hizi ndivyo zilivyo, ni kwa sababu..."

"Miguu juu! Mwanamke! Mbele ya baba yake!"

"Inageuza tu, Mzee, hata za serikali zinageuza."

"Chombo kinachosema uongo juu ya kamba ya nguo," akasema, "kitasema kweli juu ya Mungu?" Akaanza kufungua vifungo vya koti. Alikuwa anaingia ndani. Miaka mitatu yangu ilikuwa inaingia ndani na yeye. Ningeichagua ile ya shaba! Nilimwona mwalimu wa Butere akivishwa shada.

Nakhumicha akaja na nguo mkononi. "Baba," akasema, "uliponiona mle, nilikuwa na mikono mingapi?"

"Swali gani hilo?"

"Mingapi, Baba?"

"Miwili."

"Vichwa?"

Mkono wa mzee ukasimama kwenye kifungo.

"Nilikuwa nimeshika nini?"

"Shati langu la bluu."

Alilikunjua lile shati la bluu. "Basi imenigeuza, lakini haikuniongezea kitu. Kama nyota haina pete, hii haitaivisha."

Mzee alimwangalia sana. Mimi pia nilimwangalia, na nilimpenda wakati ule hata kifua kikaniuma. Mzee hakuingia ndani. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukangoja giza.

Giza la Nairobi halichelewi. Upande wa mashariki ilitoka ile nyota nyekundu ambayo watu walikuwa wakiiogopa mwezi ule, na magharibi, juu ya miti, ikawaka yangu. Nikaishika, nikaituliza katikati ya kioo. "Karibu, Mzee. Usiguse bomba."

Akainama. Nikahesabu pumzi zake. Zilikuwa nne, tano, halafu sikuzisikia tena.

"Yesu wangu," akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kama anayo. "Ina pete."

Alikaa pale mpaka nyota ikatoka kwenye kioo, nikamrudishia, ikatoka, nikamrudishia. Alicheka mara moja, kama mtoto. Kisha Nakhumicha naye akachungulia. Alipoinuka alikuwa na machozi, akanigusa mkono kidogo, akaenda kuchukua nguo zake.

Mzee Joash akanivuta nyuma ya kuni. "Zedekiah," akasema. Miaka mitatu hakuwa ameniita Zedekiah. "Nimeona. Kesho utatubu."

Nilidhani sikusikia. "Nitubu nini, Mzee, na wewe umeiona?"

"Nimeiona mimi. Kanisa halijaiona. Sikiliza. Nikisimama kesho niseme tumekutenga bure, watasema nini? Watasema Joash amegeuza hukumu kwa sababu anaoza binti. Kuna wanne wengine niliowatenga. Kila mmoja atakuja na lake." Alinishika bega. "Neno moja tu. Sema ulikosea. Nitakusimamisha mbele ya kanisa, nitatangaza ndoa palepale, Disemba mnaoana. Mimi na wewe tunajua ukweli. Mungu anajua."

"Na Nakhumicha?"

"Nakhumicha anataka kuolewa, kijana. Miaka mitatu!"

Nilirudi Riruta na baiskeli bila kujua nimepita wapi. Mwololo aliniambia neno halina uzito, niliseme tu nile pilau ya harusi. Nilizunguka chumba. Nilikasirika, nikapoa, nikakasirika tena. Niliona Disemba. Niliona nikikataa, na mwaka wa nne, na wa tano, na yeye anakonda akiwangoja watoto wa watu walale. Nikasema sina haki ya kumngojesha kwa ajili ya kichwa changu kigumu. Nilijiona mtu mwema kabisa usiku ule. Nilifikiria kila mtu, nikamfikiria na yeye, lakini kumwuliza sikumwuliza.

Asubuhi Mzee Joash aliniita mbele. Nilisimama, nikaona nyuso zote zikinisubiri, tayari kucheka. Nikasema, "Ndugu zangu, mwaka wa 1953 nilisema niliona nyota yenye pete. Haikuwa kweli. Nilisema uongo. Naomba mnisamehe."

Hawakucheka. Walisema amina, ile amina niliyoitaka miaka mitatu. Wamama wakapiga vigelegele. Wazee wakanishika mkono mmoja mmoja, Mzee Joash wa mwisho, hakunitazama machoni. Wimbo ukaanza. Nikageuka upande wa wanawake nimtafute Nakhumicha, nikaona mgongo wake unatoka mlangoni.

Nikamfuata. Nilimkuta nje kwenye ukuta wa kanisa, leso mkononi, haifuti kitu.

"Imekwisha," nikamwambia, napumua kama niliyekimbia. "Anatangaza sasa hivi. Disemba!"

"Mimi niliiona jana," akasema.

"Najua. Tuliiona sote. Baba yako alisema..."

"Niliiona, Zedekiah. Na wewe umesimama mbele ya watu ukasema haipo."

"Nimefanya kwa ajili yako!"

"Hukuniuliza." Hakupaza sauti hata kidogo. "Unadhani nilikuwa nangoja nini miaka mitatu? Harusi? Waliokuja kuniomba si mwalimu peke yake. Nilikuwa na mtu mmoja Nairobi nzima ambaye akiniambia jambo silazimiki kumwuliza mara ya pili. Sasa ukiniambia unanipenda nitajuaje? Kesho mtu akikubana nalo utasema ulikosea."

Nilikuwa na hasira na yeye, na baba yake, na Mwololo na pilau yake, lakini zote zilipokwisha kupita nikabaki mimi peke yangu.

"Nikirudi nikasema kweli," nikasema, "watanitenga tena. Safari hii hawatanifungulia. Baba yako hatatuoza."

"Najua."

"Na wewe?"

"Rudi kwanza," akasema. "Hilo langu nitalisema mwenyewe. Siwezi kukupa kama bei."

Ndani wimbo ulikuwa umekwisha. Nilisikia Mzee Joash akikohoa, karatasi ikikunjuliwa. Matangazo. Nikasikia jina langu likisomwa, Zedekiah mwana wa Were, na jina lake, na Jumamosi ya pili ya Disemba. Lilikuwa tangazo zuri. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kumwacha yule mzee amalize kusoma.

Nikaingia. Nikapita katikati ya viti, watu wakinitabasamia, wakidhani nimekuja kusimama niangaliwe kama bwana harusi. Nilipofika mbele Mzee Joash aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akaniona usoni, akajua. Midomo yake ikatikisika. Hakuna aliyesikia ila mimi: "Usifanye hivyo, mwanangu."

"Mzee, nisamehe," nikamwambia. Nikageukia watu. "Ndugu zangu, nimewadanganya leo. Leo ndiyo mara ya kwanza."